Vijitabu vya Mazishi vya Mwalimu Verlene

Verlene Mikell alifundisha darasa la nne pale Tolliver Neck, Carolina ya Kusini, kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka hiyo yote aliichukia tarehe mosi Machi kuliko siku ya kung'olewa jino. Si kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa mmoja wa watoto weusi kumi na mmoja wa kwanza kuingia sekondari ya wazungu mjini. Walimtemea mate kwenye ngazi, na kesho yake akazipanda ngazi zile zile akiwa na gauni lililopigwa pasi likanyooka. Lakini mosi Machi ilimkata maini.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, ikiingia, mwalimu mkuu aliamuru picha za watu weusi mashuhuri zibandikwe ukumbini. Picha zilikuwa sita, zile zile za kila mwaka, zimepauka, nyingine zina matundu ya pini hadi puani. Kwa siku ishirini na nane watoto waliimba, wakakariri, wakapigiwa makofi. Machi mosi, kabla kengele haijalia, picha zilibanduliwa zikarudi stoo, na mahali pake yakabandikwa majani ya kijani ya sikukuu ya Waairishi, watu wa Ayalandi. Tolliver Neck haijapata kuwa na Mwairishi hata wa kusingizia, lakini siku yake watoto wetu waliijua. Babu zao waliochimba mifereji ya mpunga na kujenga gati kwa mikono yao hawakuwa na siku, wala ukuta.

"Nimechoka kuwakunja watu na kuwatia kwenye boksi," Verlene alimwambia mama yake mwaka baada ya mwaka.

"Basi usiwakunje," mama yake alijibu, kana kwamba ni jambo rahisi.

Mama huyo, Bi Queenie Mikell, alifariki Julai ya mwaka 1995, na Verlene akabaki na nyumba nzima ya kupanga. Aliwahi kuolewa kwa miezi minane tu, na hapendi kuulizwa habari hiyo, kwa hiyo hakuwa na wa kumsaidia. Alipovuta droo ya chini ya kabati la mama, ikagoma. Akaivuta kwa mikono miwili, miguu ikisukuma kabati, ikafunguka kwa kishindo, naye akaketi sakafuni bila kupenda. Ilikuwa imeshindiliwa vijitabu vya mazishi.

Kwetu mtu hazikwi bila kijitabu, na hakuna anayekitupa. Mbele ni picha ya marehemu amevaa kofia yake nzuri kuliko zote. Chini ya picha ni Macheo, yaani tarehe aliyozaliwa, na Machweo, tarehe aliyotuacha. Ndani ni wasifu wake: alikozaliwa, shule aliyosoma, kazi alizofanya, kwaya aliyoimbia, watoto, wajukuu, na wale waliomtangulia. Wasifu hutiwa chumvi, hilo linajulikana. Hakuna mlevi aliyewahi kuzikwa Tolliver Neck, wote walikuwa "wachangamfu". Hata hivyo, ukivisoma vijitabu mia mbili na kumi na vinne mfululizo, kama Verlene alivyofanya akiwa amekaa pale pale sakafuni hadi mguu ukafa ganzi, unaona mji mzima ukisimama mbele yako.

Shule ilipofunguliwa Agosti, vitabu vipya vya historia havikuwa vimefika. Vilikwama ghalani huko makao makuu ya jimbo, kama kawaida yake. Verlene hakuwa mtu wa kuwaacha watoto wachore maua siku nzima. Akabeba rundo la droo ya mama yake, akampa kila mwanafunzi kijitabu kimoja, akasema, "Mjueni mtu wenu. Ijumaa mnaniambia alikuwa nani."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Latrice Wigfall, binti wa miaka tisa aliyekuwa akiuliza maswali kama wakili wa kesi ya mauaji.

"Mwalimu, huyu wangu, Bibi Rosetta Grayson, wameandika kwamba mwaka 1946 alitoka kiwanda cha chaza pamoja na dada zake thelathini."

"Ndiyo."

"Thelathini? Mama yao alikuwa anazaa kila siku ngapi?"

Darasa likaangua kicheko, na Verlene naye akacheka. "Ni dada zake wa kanisani, wee mtoto. Kaulize nyumbani walitoka kwa nini."

Latrice akauliza. Jumatatu alirudi na hadithi nzima: wanawake weusi walikuwa wakibandua chaza wamesimama kwenye maji ya barafu, bila jiko la kuota moto, bila hata kigoda. Siku moja Rosetta akaweka kisu chini, akavua aproni, akatoka. Wengine thelathini wakamfuata. Chaza zikaoza kiwandani kwa siku tisa, kisha kiwanda kikanunua majiko na viti. Nyanya yake Latrice alikuwa mmoja wao, na hakuwahi kumsimulia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baada ya hapo darasa halikushikika. Kijana aliyekuwa haandiki hata jina lake akaandika kurasa mbili juu ya Ezekiel Bright, aliyekwenda mahakamani mara kumi na moja kujiandikisha kupiga kura na kufukuzwa mara kumi. Watoto walichora ramani, wakahesabu miaka, wakapita nyumba kwa nyumba kuwasumbua wazee wakati wa kula. Oktoba yote ilikwenda hivyo, na Novemba, na watoto wa kizungu darasani walikuwa mbele kuliko wote kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyepata kuwaambia haya.

Mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Mwalimu Verlene, kazi nzuri. Kazi nzuri mno. Lakini..." akatazama kalenda ya ukutani kana kwamba itamwokoa. "Lakini si Februari."

"Najua si Februari, Mwalimu Mkuu."

"Mtaala unasema Februari."

"Rosetta Grayson alitoka kiwandani mwezi wa Desemba."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makaratasi. Akaandikia bodi ya shule ya wilaya. Bodi ikajibu kwamba jambo litaamuliwa kwa kura, Jumanne ya pili ya Aprili. Likipita, madarasa yote ya wilaya yatafundisha historia ya watu weusi mwaka mzima, kwa kutumia kazi ya Verlene. Likianguka, atavirudisha vijitabu vyake nyumbani, na Februari itabaki Februari. Bodi ilikuwa na watu saba. Watatu walikuwa upande wa Verlene, watatu walipinga, akiwemo mwenyekiti Harlan Tisdale, ambaye hakutaka kulisikia. Wa saba alikuwa Lucius Manigault, mwenye nyumba ya mazishi, biashara pekee mjini ya kuwaandaa na kuwazika watu wetu.

Lucius alikuwa mweusi mwenzetu, tena mpole, na suti zake zilikuwa hazina hata chembe ya vumbi. Tatizo ni kwamba aliwazika Wabaptisti na aliwazika Wamethodisti, na makanisa hayo mawili, ingawa yametenganishwa na barabara moja nyembamba, hayajakubaliana juu ya lolote isipokuwa kwamba Mungu yupo. Kwa hiyo Lucius aliishi mguu ndani mguu nje. Alipoulizwa kuhusu hali ya hewa, alisema kila upande una hoja.

"Nitakuunga mkono, Dada Verlene," alisema mwezi Machi. "Alimradi mji wetu uwe kitu kimoja."

Na hapo ndipo Verlene alipoharibu.

Ili watu waone kazi ilivyo, alitengeneza kalenda kubwa akaitundika maktaba ya mji: miezi kumi na miwili, na kila mwezi mtu wa Tolliver Neck na habari zake. Ilipendeza kweli. Watu walikuja na kofia zao za Jumapili kuitazama. Siku ya tatu akaingia Mama Ernestine Gethers, mkuu wa wahudumu wa kanisa la Methodisti. Alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba, mgongo umenyooka, glavu nyeupe mkononi. Akaisoma kuanzia Januari bila kuruka neno. Alipomaliza Desemba akarudi Januari akaanza upya. Kisha akamgeukia Verlene.

"Dada Verlene."

"Naam, Mama Gethers."

"Sisi Wamethodisti hatufi?"

Verlene akatazama kalenda yake na jasho likamtoka. Kumi na wawili, na wote Wabaptisti. Hakuwa amekusudia. Alitumia droo ya mama yake, na Bi Queenie hakukanyaga mazishi ya Wamethodisti tangu mwaka 1959, walipogombana kwenye chakula cha matanga juu ya nani aliyetia sukari kwenye wali mwekundu. Droo ilikuwa na mji nusu tu, naye akaufundisha kama mji mzima. Yeye, aliyewalaumu wazungu kwa jambo lile lile kwa miaka ishirini na mitatu!

"Na hapa Agosti," Mama Ernestine akaendelea, kidole cha glavu kikigusa karatasi, "umeandika kwamba shule ya kwanza ya watu wetu baada ya utumwa ilifunguliwa na Hagar Simmons. Hagar! Shule ile ni ya Nepsey Gethers, bibi ya mume wangu. Umemfuta mtu mzima mzima."

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Tutaonana Jumanne," Mama Ernestine akasema, akatoka.

Jioni ile ile Lucius Manigault akapita kwa Verlene, akakataa hata chai. Alisimama barazani akizungusha kofia mikononi.

"Nitajizuia kupiga kura," alisema.

"Lucius! Ukijizuia ni tatu kwa tatu. Tatu kwa tatu jambo limeanguka."

"Najua hesabu, dada yangu. Lakini Mama Gethers amekasirika. Wamethodisti wote wamekasirika. Nikikuunga mkono wewe, nani ataniita kuwazika wafu wao?"

"Watazikwa na nani mwingine, Lucius? Na malaika?"

Akaivaa kofia yake. Akaondoka, na Verlene akalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Jumapili iliyotangulia mkutano alivaa gauni la buluu, akavuka ile barabara nyembamba, akaingia kanisa la Methodisti. Hakuna Mikell aliyeingia mle kwa miaka thelathini na saba. Vichwa viligeuka safu baada ya safu. Mama Ernestine alikuwa mlangoni na sare yake nyeupe, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama wahudumu wanavyosimama. Akampa Verlene kipepeo cha karatasi cha kujipepea bila kumtazama usoni, akamwonyesha kiti.

Wakati wa kuwakaribisha wageni ulipofika, mchungaji akasema wageni wasimame, wataje majina na kanisa wanalotoka. Mgeni alikuwa mmoja tu. Verlene akapiga moyo konde, akasimama.

"Naitwa Verlene Mikell, binti wa Queenie. Natoka ng'ambo ya barabara." Kicheko kidogo kikapita, kikafa. "Nimewafundisha watoto wenu nusu ya mji wao. Nusu ya kwangu. Nimefanya hivyo kwa uvivu, kwa sababu droo ya mama ilikuwa karibu, milango yenu ikawa mbali. Sikuja kuwaomba mniunge mkono Jumanne. Nimekuja kusema nimekosa."

"Sema, binti," akaitikia mzee mmoja kwenye safu ya mbele.

"Nimemaliza, baba."

"Basi kaa."

Akakaa. Wimbo ukaanza. Mama Ernestine hakumwambia neno, si mlangoni wala nje. Verlene akarudi nyumbani hajui kama ametengeneza au amebomoa zaidi.

Jumanne ikafika. Saa moja jioni ukumbi wa bodi ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Verlene alikuwa mbele na wanafunzi wake ishirini na sita. Tisdale akagonga meza.

"Hakuna anayewachukia watu weusi hapa," alianza. Anayeanza hivyo, sisi tunajua anakoelekea. "Swali langu ni dogo. Mwaka wa shule una miezi kumi. Hakuna mambo ya kutosha kujaza miezi kumi. Kwa haki kabisa, Februari yenyewe tunaijaza kwa shida."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Ernestine Gethers, na nyuma yake wanawake wa Methodisti wawili wawili, sare nyeupe, glavu nyeupe, kila mmoja na mkoba mkubwa kwapani. Verlene akawahesabu hadi thelathini na nne, kisha akaacha kuhesabu. Lucius Manigault akajifuta uso kwa leso.

"Nimekuja kupinga," akasema Mama Ernestine alipopewa nafasi.

Tisdale akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Endelea, mama. Tunakusikiliza."

"Mpango huu una kasoro kubwa. Miezi kumi!" Akamtazama mwenyekiti kama anavyomtazama mtoto anayetafuna bigijii kanisani. "Nani aliyewaambia miezi kumi inatosha?"

Ukumbi ukalipuka. Akangoja kwa utulivu, akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha mazishi, akavaa miwani. "Tuanze na Nepsey Gethers, aliyefungua shule ya kwanza ya watu wetu, mwaka 1866."

"Si kweli!" Shemasi wa Kibaptisti akaruka kutoka dirishani. "Shule aliifungua Hagar Simmons!"

"Hagar alikuwa anafagia!"

"Anafagia? Nepsey alikuwa hajui hata kusoma!"

"Mwombe radhi marehemu!"

"Marehemu wako au wangu?"

Tisdale akagonga meza, akagonga tena, akagonga mpaka nyundo ikamtoka mkononi. Hakuna aliyemsikia. Mikoba ilifunguliwa kila upande. Vijitabu vikapungwa hewani, miaka ikatajwa, majina ya watu waliofariki zamani yakaitwa kwa sauti ndani ya ukumbi ule ambao, walipokuwa hai, wasingeruhusiwa kuingia isipokuwa na ndoo ya kupigia deki. Verlene alisimama katikati, nywele zimemsimama. Hakuwahi kusikia kitu kitamu kama ugomvi ule.

Latrice Wigfall alikuwa amepanda juu ya kiti. Alikuwa na kijitabu cha mjukuu mmoja wa Hagar mkono wa kulia, na cha mjukuu wa Nepsey alichopokonya kwa Mama Ernestine mkono wa kushoto.

"Walikuwa wawili!" alipaza sauti. "Wote wawili! Hagar alifundisha watoto mchana, Nepsey alifundisha watu wazima jioni! Chumba kimoja! Imeandikwa hapa, na imeandikwa hapa. Hamsomi?"

Ugomvi ukakatika. Shemasi akachukua kijitabu cha Methodisti, Mama Ernestine akachukua cha Kibaptisti, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1866, nadhani, kila upande ukasoma cha mwenzake.

"Ahaa," akasema shemasi.

"Hm," akasema Mama Ernestine, na kwake hiyo ni hotuba.

Verlene akaona nafasi yake, akaishika.

"Bwana mwenyekiti," alisema, "umesema hakuna mambo ya kutosha. Tulianza saa moja. Sasa ni saa mbili na nusu, na bado tuko mwaka 1866."

Hata wawili wa upande wa Tisdale wakacheka. Tisdale mwenyewe hakucheka, akaita kura. Watatu wakanyoosha mikono kuunga mkono. Watatu, yeye akiwemo, wakapinga. Macho yote yakamwendea Lucius Manigault.

Lucius hakunyoosha mkono. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Verlene alijua anatafuta namna ya kusema kwamba kila upande una hoja.

"Babu yangu alinunua mashine ya kupigia chapa mwaka 1938," Lucius alisema. "Kila kijitabu cha mazishi cha mji huu kimetoka kwetu, na kila kimoja tumeweka nakala. Wabaptisti, Wamethodisti, na wale ambao hawakuwa na kanisa wala jamaa, babu aliwaandikia mwenyewe. Chumba cha nyuma kimejaa hadi darini. Elfu nne na ushei. Mwaka mzima nimemwona Dada Verlene akihangaika na droo moja, nami nimenyamaza. Nilinyamaza kwa kuogopa kupoteza wateja."

Akamtazama Mama Ernestine, akamtazama shemasi, kisha akawatazama watoto ishirini na sita waliokuwa wamejipanga mbele yake.

"Watu hawa nimewazika mimi na baba yangu na babu yangu. Wote. Kwa mikono hii." Akaionyesha. "Sitawazika mara ya pili."

Akanyoosha mkono wote juu, mpaka shati likachomoka kwenye suruali yake ambayo siku zote haikuwa na kunyanzi.

Karani aliandika nne kwa tatu, lakini ilibidi aulizwe tena kesho yake, maana hakuna aliyemsikia akiisoma. Wanawake wa Methodisti waliimba, Wabaptisti wakadakia wimbo kabla ya ubeti kwisha, na hawakugombania sauti ya tatu. Watoto walipiga meza za bodi kama ngoma. Mama Ernestine Gethers alivua glavu ya mkono wa kulia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya hadharani, akamshika Verlene kiganja kwa kiganja.

"Kesho kutwa uje kwangu na watoto wako," alisema. "Nina droo tatu."

Verlene Mikell hakuuachia mkono ule. Akalia mbele ya bodi, mbele ya mwalimu mkuu na mji mzima, kwa sauti kubwa, na hakuona haya hata kidogo.